Kuajiri Wahamishaji wa Vyombo kutoka Mbeya au Iringa kwenda Mji wa Mbali: Mwongozo Kamili

Mtu anayehama kutoka Mbeya kwenda Dar es Salaam huanza na swali moja: gari ni shilingi ngapi? Swali hilo ni la haki, kwa kuwa hakuna anayehama bila kuhesabu fedha, lakini likitangulizwa huzaa majibu yasiyolingana. Mmoja atakutajia bei ya gari peke yake, mwingine bei ya gari pamoja na makuli wa kupakia, na wa tatu atataja bei ndogo kuliko wote kwa sababu anakusudia kuvichanganya vyombo vyako na magunia ya mtu mwingine. Swali linalopaswa kutangulia ni hili: kuanzia mlangoni kwangu hapa hadi mlangoni kwangu kule niendako, chombo kikivunjika au kikipotea, ni nani atakayenijibu? Ukilipata jibu la swali hilo kwa maandishi, bei utaielewa vizuri zaidi. Hatua zifuatazo zote zimepangwa kulizunguka.

Hatua ya kwanza: jua unayezungumza naye

Katika miji ya Nyanda za Juu Kusini, anayejiita mhamishaji anaweza kuwa mmoja wa watu watatu. Yupo mwenye kampuni, ambaye ana gari, watu wake wa kufunga na kubeba, na ofisi unayoweza kuirudia. Yupo mwenye Fuso au Kenta, ambaye gari ni lake au ni la tajiri wake, na makuli huwakusanya siku ya kazi kutoka kijiweni. Kisha yupo dalali, ambaye hana gari wala makuli. Kazi yake ni kukuunganisha na mwenye gari na kuchukua chake.

Hakuna aliye mbaya kwa asili. Dalali mwaminifu wa Mwanjelwa au Uyole hapa Mbeya anaweza kukutafutia gari zuri kwa saa mbili, jambo ambalo wewe ungelihangaikia siku tatu. Tatizo huanza pale unapodhani umepatana na mwenye gari, kumbe umepatana na dalali, naye mwenye gari amepatana na dereva kwa masharti ambayo hukuyasikia. Kwa hiyo uliza waziwazi: gari ni la nani, dereva ameajiriwa na nani, na makuli wanalipwa na nani? Kama kuna dalali, malipo yake yajulikane tangu mwanzo, na mapatano ya usafirishaji yafanyike kati yako na mwenye gari mwenyewe, hata kama ni kwa simu kwanza na maandishi baadaye.

Mtu mwenye chumba kimoja na vyombo vichache pengine hahitaji mhamishaji kabisa. Masanduku matano, godoro na jiko la gesi lisilo na mtungi vinaweza kwenda kwa utaratibu wa mizigo wa mabasi. Reli ya TAZARA nayo hupita Mbeya, Makambako, Mlimba na Ifakara kuelekea Dar es Salaam, ila haifiki Iringa mjini, na wala treni haikufikishii kitanda mlangoni. Mwongozo huu ni wa mwenye nyumba nzima ya kuhamisha.

Hatua ya pili: orodhesha vyombo kabla ya kupiga simu

Chukua daftari, pita chumba kwa chumba, na uandike kila kitu kinachokwenda. Usiandike “vyombo vya jikoni” kwa jumla. Andika masanduku mangapi, ndoo ngapi, sufuria kubwa zipo au hazipo. Kwa samani, andika na vipimo: kitanda cha futi sita kwa sita, kabati la milango mitatu, sofa ya watu watatu. Ukiwa unaandika, piga picha kila kitu pande zote, hasa pembe na miguu, na kioo kama kipo. Picha hizo zitakuwa na kazi mbili: kumwezesha mhamishaji kukadiria ukubwa wa gari bila kubahatisha, na kuonyesha baadaye kabati lilikuwa na hali gani kabla halijapanda gari.

Zoezi hili pia hukusaidia kuamua nini kibaki. Kitanda cha mbao za msonobari, ambacho fundi wa Mafinga anaweza kukitengeneza kwa gharama nafuu, hakina sababu ya kusafirishwa hadi Dar es Salaam kama kina mguu uliolegea. Kwa upande mwingine, blanketi nene za Mbeya watu wengi huziuza kwa haraka wakidhani Pwani hazina kazi, kisha wanagundua siku ya kupakia kwamba hakuna kitu kinachokinga kioo cha shokesi kama blanketi nene. Ziache hadi mwisho.

Kwa makadirio ya jumla, vyombo vya vyumba viwili vilivyopangwa vizuri huingia kwenye Kenta ya tani 3 au 4, na nyumba ya vyumba vitatu yenye sebule kamili huhitaji Fuso. Vyombo vya nyumbani si vizito, bali vinakula nafasi. Kwa hiyo urefu wa bodi na uwezekano wa kufunika juu ni muhimu kuliko tani. Anayekuambia “gari langu linabeba tani 7” hajakujibu kama sofa zako zitaingia.

Elezea pia njia ya kuingia nyumbani. Nyumba nyingi za Mbeya zimekaa kwenye miteremko, na vichochoro vya Isanga au Ilemi havipokei Fuso. Hali ni ileile katika baadhi ya mitaa ya Iringa iliyopanda juu ya vilima. Kama gari litasimama mita mia moja kutoka mlangoni, makuli watadai nyongeza, nao wana haki ya kudai. Sema mapema, ili nyongeza hiyo iwe ndani ya bei badala ya kuwa ugomvi wa saa kumi na mbili asubuhi.

Hatua ya tatu: chagua wakati

Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia takriban Novemba hadi Aprili au Mei. Kuhama wakati huo kunawezekana, lakini barabara za mitaani huteleza, na godoro lililolowa linalofungiwa siku mbili chini ya turubai hufika limevunda. Kuanzia Juni hadi Agosti hakuna mvua, ila kuna baridi na ukungu wa asubuhi, na tena ndio wakati wa mavuno, ambapo malori yanatafutwa kwa ajili ya mahindi, mpunga wa Mbarali na viazi. Ukihama kwenda Dar es Salaam katika miezi hiyo, unashindana na mfanyabiashara wa mazao anayekodi magari kumi kwa mpigo.

Hapa ndipo elimu ya mzigo wa kurudi inapokuwa na faida. Gari lililoleta bidhaa za dukani Mbeya kutoka Dar es Salaam lazima lirudi, na mwenye gari asiye na mzigo wa kurudi atakubali bei ndogo kuliko yule anayetoka kwake mahususi kwa ajili yako. Uliza: gari linatoka wapi, na baada ya kunishusha linakwenda wapi? Anayejibu kwamba gari lake ni la Mbeya na litarudi tupu ana haki ya kudai fedha za safari mbili. Anayejibu kwamba gari ni la Dar es Salaam na linarudi nyumbani hana. Ubaya wa gari la kurudi ni kwamba siku ya kuondoka huamuliwa na mzigo lililouleta. Usilichukue kama tarehe yako ya kukabidhi nyumba haiwezi kusogea hata siku moja.

Hatua ya nne: tafuta bei kwa watu watatu, kwa orodha ileile

Tuma orodha yako na picha kwa wahamishaji wasiopungua watatu, na uombe kila mmoja akuandikie bei inayotaja wazi mafuta, dereva na utingo, makuli wa kupakia, makuli wa kushusha, vifaa vya kufungia, na ushuru wowote wa njiani. Bei isiyochanganuliwa haiwezi kulinganishwa na nyingine. Wapo watakaokataa kuchanganua, wakisema “bei ni moja tu, usijali.” Jibu hilo linatosha kukuambia jinsi watakavyojibu siku chombo kitakapovunjika.

Unaweza kuipima bei mwenyewe kwa kutumia mafuta. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Kutoka Iringa hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 500. Na kutoka Iringa hadi Dodoma kupitia Mtera ni takriban kilomita 260 za lami. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, mji kwa mji, na dizeli ya Mbeya huwa ghali kuliko ya Dar es Salaam kwa sababu nayo imesafirishwa. Muulize dereva gari lake linakwenda kilomita ngapi kwa lita. Akikuambia 4, safari ya kilomita 800 itakula lita 200; zidisha kwa bei ya siku hiyo. Ukiona bei uliyotajiwa inakaribia gharama ya mafuta peke yake, fahamu kwamba kuna mzigo mwingine utakaopanda gari hilo, hata kama hujaambiwa.

Mtumishi wa umma anayehamishwa kikazi aulize ofisini kwake, kabla ya kupatana na yeyote, kama mwajiri atamlipa mhamishaji moja kwa moja au atamrudishia yeye fedha, na ni stakabadhi gani zitakazokubaliwa. Mara nyingi itatakiwa risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, na si kila mwenye Fuso anaweza kuitoa. Ni bora kulipa zaidi kidogo kwa mwenye risiti kuliko kuokoa fedha ambazo hutarudishiwa.

Hatua ya tano: kagua gari na nyaraka zake

Nenda ukalione gari siku moja au mbili kabla. Tazama matairi, taa na breki, lakini usisahau bodi na turubai, kwa kuwa ndivyo vitakavyogusana na vyombo vyako. Njia rahisi ya kulipima turubai ni kuomba lifunikwe mchana, kisha uingie ndani ya bodi na kutazama juu: kila nuru unayoiona ni tundu la maji. Nusa sakafu pia. Bodi iliyobeba mbolea, samaki wakavu au dizeli iliyomwagika itahamishia harufu hiyo kwenye magodoro, na hakuna kuanika kutakakoiondoa kwa wiki moja.

Kwa nyaraka, omba kuona kadi ya gari, leseni ya dereva yenye daraja linalolingana na gari, leseni ya usafirishaji wa mizigo inayotolewa na LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini), na bima. Bima inaweza kuhakikiwa mtandaoni kwenye mfumo wa TIRA (mamlaka ya bima) kwa kutumia namba ya usajili wa gari, na faini za barabarani zinazodaiwa zinaweza kuangaliwa kwa namba hiyohiyo kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi. Ukaguzi huu wa faini hupuuzwa na wengi, ilhali gari lenye madeni linaweza kuzuiliwa njiani likiwa na kitanda chako.

Jambo la bima linahitaji ufafanuzi, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hudanganyika bila kudanganywa na mtu. Stika ya bima ya lazima hufidia madhara ambayo gari linawasababishia watu wengine. Haigusi kabati lako lililo ndani ya gari hilo. Hata bima kubwa ya gari hulifidia gari lenyewe. Mzigo hukingwa na bima ya mizigo safarini, ambayo mhamishaji anaweza kuwa nayo au wewe unaweza kuikata kwa safari moja kupitia wakala wa bima aliyesajiliwa. Mhamishaji akisema “gari lina bima kubwa, usiwe na wasiwasi,” muulize swali moja: je, mzigo umo? Mwombe akuonyeshe mahali palipoandikwa.

Hatua ya sita: andikianeni mkataba

Nilipohama kutoka mtaa wa Forest hapa Mbeya kwenda Morogoro, nilipatana na mwenye Fuso kwa simu. Tulielewana bei, siku na saa. Gari lilikuja kwa wakati, makuli walikuwa na adabu, na nilijiona nimefanikiwa. Mimi na familia tulitangulia kwa basi. Gari lilipofika, juu ya vyombo vyangu palikuwa na alama za udongo mwekundu, na kioo cha shokesi kilikuwa vipande. Dereva alikiri bila kusitasita kwamba alipakia magunia sita ya viazi Makambako, yale ya lumbesa yaliyojazwa kupita kipimo, akayashusha Morogoro mjini kabla ya kuja kwangu. Aliniuliza, kwa upole kabisa, ni wapi tuliposema kwamba gari ni langu peke yangu. Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimelipia nafasi, na nafasi iliyobaki juu aliiona ni yake.

Kwa sababu hiyo, sharti la kwanza katika mkataba liwe hili: gari limekodiwa zima, na hakuna mzigo wala abiria mwingine atakayepakiwa kati ya mahali pa kupakia na mahali pa kushusha. Kama mmekubaliana kuchanganya mizigo ili bei ipungue, liandikwe nalo, pamoja na aina ya mzigo huo mwingine na mahali utakapokaa. Mzigo huo usiwe wa maji, wa udongo wala wa kunuka, na usiwekwe juu ya vyombo vyako.

Baada ya hapo, mkataba utaje majina kamili ya pande zote mbili na namba za vitambulisho, namba ya usajili wa gari, jina la dereva, anwani za kupakia na kushusha, tarehe na saa ya kuondoka, na siku ya mwisho ya kufika. Orodha ya vyombo iwe kiambatisho, na kila upande uisaini. Bei iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, pamoja na vilivyomo ndani yake. Andikeni pia nani atalipa gari likiharibika njiani na ikalazimu kukodi jingine. Jibu la kawaida ni mwenye gari, lakini lisipoandikwa utaambiwa mchangie. Vivyo hivyo kwa tozo za uzito na faini za barabarani, ambazo zinapaswa kuwa juu ya mwenye gari.

Kuhusu uharibifu, kubalianeni thamani ya vitu vikubwa vichache, kwa mfano friji, runinga na shokesi, na muandike kwamba kikivunjika kwa uzembe wa kupakia, kuendesha au kushusha, mhamishaji atakitengeneza au kukilipa. Mhamishaji naye ana haki ya kujikinga: masanduku uliyofunga mwenyewe bila yeye kuona ndani anaweza kuyakataa, na ni haki yake. Suluhisho ni kuvifunga vyombo vya kuvunjika mbele ya msimamizi wake.

Mkataba wa ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono unatosha, mradi una saini na mashahidi. Wapo wanaousaini mbele ya mwenyekiti wa mtaa au wakili; gharama yake ni ndogo kuliko kioo kimoja.

Malipo nayo yana utaratibu wake. Mwenye gari atataka fedha ya mafuta kabla ya kuondoka, na hilo si ujanja, kwa sababu gari haliendi kwa ahadi. Kinachofaa ni kulipa kwa mafungu: kiasi kidogo cha kushika siku, kiasi cha mafuta gari likiwa limeshapakiwa, na sehemu isiyopungua theluthi ibaki hadi kitu cha mwisho kishuke na kuhesabiwa. Tuma kwa simu au benki, na jina litakalotokea kabla ya kuthibitisha muamala liwe lilelile la kwenye mkataba. Anayekutaka umtumie fedha yote kabla hujaliona gari, kwa namba yenye jina la mtu mwingine “kwa sababu laini yake ina tatizo,” aachwe hapohapo.

Hatua ya saba: barua ya mtaa, mazao na mbao

Pata barua kutoka serikali ya mtaa au kwa mtendaji inayosema kwamba wewe ni mkazi wa mtaa huo, unahama, na unakwenda wapi. Ambatisha orodha yako ya vyombo igongwe muhuri. Lori lililojaa runinga na magodoro usiku huleta maswali kwenye vizuizi, nayo barua hiyo ni jibu fupi kuliko maelezo ya dereva.

Watu wa kwetu hawahami bila gunia la mahindi, mchele wa Kyela na debe la maharage. Tangu 2017 mazao yasiyozidi tani moja hayatozwi ushuru wa mazao yanapovuka kutoka halmashauri moja kwenda nyingine, kwa hiyo chakula chako cha nyumbani hakipaswi kukuletea usumbufu. Ukiwa na zaidi ya hapo, lipia na ubebe stakabadhi. Mbao na mkaa ni habari nyingine. Hayo ni mazao ya misitu, na kuyasafirisha kunahitaji hati kutoka TFS, wakala wa misitu wa serikali. Usikubali dereva “akusaidie” kuingiza magunia mawili ya mkaa chini ya sofa. Kuku na mbuzi wana kibali chao kutoka kwa afisa mifugo, na kwa maoni yangu, wauze.

Hatua ya nane: fungasha kwa kufikiria mlima

Barabara ya TANZAM inayotoka Mbeya huanza na milima ya Inyala, hupita Makambako na Mafinga, na baada ya Ilula huteremka mlima Kitonga hadi Ruaha Mbuyuni. Ni kona na mteremko mrefu, na dereva mwenye busara huushuka kwa gia nzito huku akigusa breki kidogokidogo. Kila anapogusa, vyombo vyote husukumwa mbele. Vyombo ambavyo vimetulia kwenye barabara tambarare vitasogea Kitonga kama vimeachiwa nafasi hata ya shubiri moja.

Vitabu na vitu vizito vitiwe kwenye maboksi madogo, na nguo kwenye mifuko mikubwa ya shangazi kaja. Sahani zifungwe moja moja kwa gazeti au kanga na kusimamishwa kwa ubavu, si kulazwa, kwa kuwa zikilazwa ya chini hubeba uzito wa zote. Vitanda na meza vifunguliwe. Nati na misumari ya kila kimoja itiwe kwenye kifuko na kufungwa kwenye ubao wake kwa utepe wa gundi. Andika kwa wino mzito juu ya kila sanduku namba yake kwenye orodha na chumba kinachokwenda. Usiandike “runinga” au “vifaa vya umeme” kwa herufi kubwa. Namba inatosha, na mwenye macho ya tamaa njiani hatajua.

Friji izimwe siku moja kabla, barafu iyeyuke, na ndani ikaushwe. Isafiri ikiwa imesimama. Ikilazwa, mafuta ya kompresa huingia kwenye mabomba, na ikiwashwa mapema inaweza kuharibika. Mtungi wa gesi ufungwe, utolewe kwenye jiko, na usimamishwe mahali penye hewa. Jenereta na pikipiki zitolewe mafuta. Vyeti, hati, fedha, dhahabu, dawa na kompyuta havipandi lori. Vinakwenda nawe kwenye basi, miguuni pako.

Hatua ya tisa: siku ya kupakia

Anza asubuhi, ili gari liondoke na mwanga. Simama mahali pamoja, kwenye mkia wa gari, ukiwa na orodha, na uweke alama kwa kila kitu kinachopanda. Mwachie mtu mwingine kazi ya kuwaonyesha makuli vyumba. Ukizunguka nyumba nzima huku vitu vinapakiwa, orodha yako haitakuwa na maana.

Vizito vitangulie mbele, vikibana ukuta wa bodi ulio nyuma ya kichwa cha gari, na uzito ugawanywe sawa kulia na kushoto. Friji na makabati vifungwe kwa kamba kwenye nguzo za bodi. Vioo na runinga visimamishwe kati ya magodoro mawili. Masanduku mazito chini, mepesi juu, na mianya yote ijazwe mito na mifuko ya nguo. Mwisho wa yote turubai, likishushwa hadi chini ya ukingo wa bodi na kufungwa pande zote nne. Ukiridhika, saini nakala mbili za orodha pamoja na dereva. Moja yako, moja yake. Piga picha ya mwisho ya mzigo kabla turubai halijafunikwa.

Wape makuli chai. Haimo kwenye mkataba, lakini aliyekunywa chai yako huinua shokesi taratibu zaidi.

Hatua ya kumi: njiani

Mtu mmoja wa familia akae na dereva, kama nafasi ya kiti ipo. Asiwepo yeyote juu ya mzigo. Kama hakuna wa kwenda naye, kubaliana na dereva apige simu sehemu tatu au nne zinazojulikana: Makambako, Ipogolo pale Iringa, Mikumi na Chalinze, kwa mfano. Ukijua alipita Makambako saa ngapi, utajua kama alisimama kupakia viazi.

Magari ya mizigo yenye uzito unaozidi tani 3.5 hupimwa kwenye mizani, na katika njia hii mizani ipo Makambako, Wenda, Mikese na Vigwaza. Sheria inayotumika ni ile ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza Machi 2019. Fuso iliyobeba vyombo vya nyumba moja haiwezi kukaribia kuzidisha uzito. Dereva akikupigia simu kuomba fedha ya tozo ya uzito, ama amepakia kingine, ama tozo hiyo haipo. Mwambie akutumie stakabadhi, kisha umrudishe kwenye kifungu cha mkataba.

Usimharakishe. Dereva aliyetoka Mbeya asubuhi na kulala Iringa au Mikumi hajakuchelewesha, na hifadhi ya Mikumi haifai kupitwa kwa kasi usiku, kwa sababu wanyama huvuka barabara na kumgonga mmoja wao kuna faini kubwa.

Hatua ya kumi na moja: kushusha, kuhesabu na kudai

Panga kushusha mchana, na uwe umeshapatana na wa kushusha. Kwenye baadhi ya mitaa ya Dar es Salaam na Morogoro, vijana wa mtaani hujitokeza mara gari linaposimama na kudai kuwa kazi ya kushusha ni yao. Mjumbe au jirani akijulishwa siku moja kabla, mambo huwa mepesi.

Simama tena mkiani na orodha ileile. Kilichoharibika kipigwe picha kikiwa bado ndani ya gari, kabla hakijaguswa, na kiandikwe kwenye nakala zote mbili mbele ya dereva, naye asaini. Akikataa kusaini, andika kwamba amekataa, na shahidi asaini. Kisha mpigie mwenye gari hapohapo, wakati sehemu ya malipo bado iko mikononi mwako, na mkubaliane kiasi cha kukata. Mara nyingi jambo huishia hapo, kwa kuwa naye anataka gari lake liondoke.

Kikikosekana kitu kizima, na maelezo ya dereva hayaeleweki, toa taarifa kituo cha polisi kilicho karibu na upewe namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Kwa uharibifu usiolipwa, mwandikie mwenye gari barua ya madai yenye picha, orodha na nakala ya mkataba, ukimpa muda maalumu. Akinyamaza, Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai ya namna hii, na huhitaji wakili kuyafungua. Kama mzigo ulikuwa na bima, mjulishe wakala siku hiyohiyo, kabla hujaanza kutengeneza chochote.

Friji iache imesimama saa kadhaa kabla ya kuiwasha, na kama ililazwa njiani, isubiri hadi kesho yake. Kitanda kifungwe kwanza, masanduku yasubiri.